Kaunta buku ya kwaya mbili

Siku ya tatu ya ajira yangu ya kwanza, dada tuliyekuwa tunakaa naye mapokezi ya hoteli alifungua mfuko wake wa chipsi mayai, akanitazama, akasema, "Karibu." Nikainuka, nikanawa mikono, nikavuta kiti, tukala. Kusema kweli nilikula mimi, maana yeye baada ya vipande viwili vitatu aliacha, akawa ananiangalia tu. Sikuelewa kwa nini. Amesema karibu, mimi nina njaa, chipsi zipo.

Jioni nikamsikia anamwambia mlinzi kwamba yule mgeni hana adabu hata chembe. Mwezi haukuisha. Meneja aliniita ofisini, akaniambia mimi ni binti mzuri, ila kazi ya watu hii siiwezi. Nikamuuliza, "Watu gani?" Nilitaka kujua kweli: wageni, wenye hoteli, au wale wa jikoni. Yeye akaona namjibu jeuri. Nikapewa hela ya siku nilizofanya kwenye bahasha ya kaki, nikatoka kupitia mlango wa nyuma.

Hiyo ilikuwa 2011. Kati ya mwaka huo na 2019 niliajiriwa na kuachishwa mara saba. Kazi ya nane niliianza Februari 2020, kwenye ghala la dawa za jumla hapa Dar es Salaam, na ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Nina usonji (autism), yaani nimezaliwa na akili inayosoma watu na maneno kwa namna yake, nina miaka 36, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini hii ya nane imeshika. Mimi sijabadilika sana. Karibu ile nimeijua sasa, jibu lake ni "asante, starehe," lakini nimeijua kama mtu anavyojua alama za barabarani. Bado kila ikisemwa mkono wangu unataka kwenda kunawa.

Watu wakisikia usonji wanadhani nashindwa kusalimiana. Jamani, salamu za Kiswahili ni rehema kwa mtu kama mimi. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Za nyumbani, salama. Kila swali limekuja na jibu lake mkononi, na hakuna anayetegemea uzungumze ukweli: uwe na malaria ya siku tatu, paa linavuja, bado unajibu nzuri, ndipo unaongeza "ila". Bibi yangu kule Korogwe alinikaririsha zote kabla sijaanza darasa la kwanza, na hadi leo nazipitisha kinywani kama punje za tasbihi. Shida inaanza salamu zikishakwisha. Hapo watu wote wanaingia kwenye mazungumzo ambayo maneno yake yana maana nyingine, na wanajuaje, sijui.

"Ukipata nafasi nipangie hayo mafaili," aliniambia bosi wa kazi ya tatu. Siku nne sikupata nafasi, nilikuwa na kazi nyingine alizonipa mwenyewe. Siku ya tano alinifokea mbele ya ofisi nzima. Kumbe "ukipata nafasi" ya bosi ni "sasa hivi", na "sasa hivi" ya fundi ni kesho kutwa, na "tutakupigia" ya ofisi ni hapana.

Kazi ya tano ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu ile niliipenda. Nilikuwa stoo kipa kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Nimesomea ununuzi na ugavi ngazi ya diploma, na leja kwangu ni kitu kinachotuliza, nusu saa na leja ni kama wengine nusu saa ufukweni. Akaja mkaguzi wa hesabu. Akaniuliza, mifuko 40 ya saruji iliyopungua mwezi wa nane iko wapi? Nikamwambia: imekwenda kwenye nyumba anayojenga bosi, Goba, Jumamosi mchana, kwa gari fulani, nikamtajia na namba ya gari. Sikuwa nachongea. Niliulizwa saruji iko wapi, nami nilikuwa najua iko wapi. Wenzangu walisema nilijitia kimbelembele. Mmoja alinihurumia, akaniambia, "Dada, mkaguzi akiuliza unasema ngoja niangalie." Nikamuuliza, niangalie nini wakati nimeshaona?

Na ili upate kazi ya kufukuzwa, kwanza upite kwenye usaili.

Usaili wa kuandika sikuwahi kufeli. Ni ule wa kukaa mbele ya meza. Mimi nimelelewa nisimkazie mtu mzima macho, na malezi yale yalinisitiri miaka na miaka: mwalimu akiniita nainamisha kichwa, nasifiwa nina heshima. Tanga nzima nilikuwa mtoto wa mfano. Halafu siku moja unaingia chumba chenye kiyoyozi, kuna watu watatu, mmoja anagongagonga kalamu, taa ya tyubu inalia juu kama mbu, na sasa wanataka uwaangalie machoni ili wajue unajiamini. Nilijaribu. Nikamwangalia wa katikati bila kupepesa mpaka akahamisha kiti. Akaniuliza, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Nikasema, "Inategemea ninyi mtaamua nini leo." Nilidhani ni jibu zuri. Bado nadhani ni jibu zuri.

Jina usonji nililipata kwa kupitia tumboni. Kila Jumapili usiku tumbo lilikuwa linanikata, na wewe unajua hapa kwetu tumbo likikata ni vidonda vya tumbo, hakuna mjadala. Nimekunywa dawa za vidonda, nimekunywa juisi ya kabichi, nimeacha maharage na pilipili. Daktari mmoja ndiye aliyeshtuka kwamba vidonda gani hivi vinavyojua siku za wiki. Akanipeleka kwa daktari wa afya ya akili, nikaenda mara tatu, na mara ya tatu tulizungumza zaidi juu ya utoto wangu: vifuniko vya soda nilivyokuwa navipanga uani kwa bibi kwa rangi na kwa kutu, sweta la shule nililokataa kulivaa kwa sababu linachoma, mwaka mzima niliokula ugali bila mboga kugusana nao. Nilikuwa na miaka 28. Nilirudi nyumbani na barua ya ukurasa mmoja, nikaikunja, nikaiweka ndani ya pochi. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, zaidi vizuri. Mama aliniuliza inatibika? Nikamwambia si ugonjwa, mama, nimezaliwa hivi. Akasema, basi tulikuwa tunakujua.

Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Uelewa kuhusu Usonji Duniani iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, naangalia picha zinazozunguka mitandaoni. Ni za watoto. Fulana za bluu, maputo, watoto. Ni jambo jema, na shule zenye vitengo vyao, kama Msimbazi Mseto pale Ilala, zinafanya kazi ngumu. Lakini mtoto wa 2007 leo ana umri wa kutafuta kazi. Anavaa shati la kaka yake, anabeba vyeti kwenye bahasha, anazunguka mjini kama mimi nilivyozunguka.

Sheria zipo, na nimezisoma. Kusoma sheria ni miongoni mwa starehe zangu, usinicheke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake. Mazuri yote. Ila ndani ya hiyohiyo ya 2004 kuna kifungu cha 35, kifupi, ambacho kingekuwa na uso ningekiogopa: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimgusi mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Sasa hesabu na mimi. Mwezi wa kwanza nafuatilia ni nani anakaa kiti kipi. Wa pili ndio najifunza sauti za jengo. Wa tatu bado sijajua nani akisema "sawa" anamaanisha sawa. Katika kazi saba, tano nilitolewa kabla ya huo mwezi wa sita. Sikufukuzwa kwa kuharibu kazi hata moja. Nilifukuzwa nikiwa bado najifunza watu, na kisheria nilikuwa sijafika mlangoni.

Wala si sisi tu. Uingereza, wenye madaraja ya huduma tusiyoyaota, ripoti ya serikali iliyoongozwa na Robert Buckland na kutoka Februari 2024 ilisema katika watu 10 wenye usonji walio katika umri wa kufanya kazi, walioajiriwa ni kama 3.

Kuna mtu mmoja ninayempenda bila kuwahi kumwona. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner kule Marekani aliandika habari za watoto 11, makala ambayo ndiyo iliyoufanya usonji ujulikane kwa jina hilo katika utabibu. Mtoto wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Watu wanakomea hapo, kwamba alikuwa wa kwanza. Mimi nilitaka kujua alifanya kazi gani. Alifanya kazi benki. Benki hiyohiyo moja, zaidi ya miaka 60, akicheza gofu na kusafiri nchi za watu peke yake, mpaka alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nilifurahi kama ameajiriwa ndugu yangu. Halafu nikasoma kwamba benki ilikuwa ya ukoo wa mama yake.

Nikacheka peke yangu ndani ya basi la mwendokasi. Koneksheni! Hata yeye, mtu wa kwanza kabisa kwenye daftari la dunia, alipata kazi kwa koneksheni.

Na mimi vilevile. Yangu haikuwa benki, ilikuwa sufuria la wali. Mama mdogo wangu ni mama lishe, anauza chakula cha mchana jirani na maghala ya Gerezani, na mfamasia msimamizi wa ghala moja alikuwa mteja wake. Siku moja yule mfamasia akalalamika kwamba vijana wake wa stoo wanapoteza vitu. Mama mdogo akamwambia, "Mimi nina binti hana maneno, lakini kitu chako hakipotei." Ndiyo wasifu mzuri zaidi niliowahi kuandikiwa. Wa kwangu wa kurasa nne haukuwahi kufika popote.

Madamu, ndivyo tunavyomwita mfamasia huyo, hakuniweka mbele ya meza. Alinipa rafu. Akasema, "Amoksilini hizi, leja inaniambia maboksi 312. Nihesabie." Nikahesabu 309. Nikarudia mara mbili, 309. Siku ya pili nikaanza rafu za jirani, ambazo hakunituma, na huko nikayakuta matatu yamelala kati ya maboksi ya miligramu 250 wakati yenyewe ni ya 500. Boksi ni lilelile, rangi ileile, kilichotofautiana ni mstari wa bluu mwembamba kama uzi. Siku ya tatu nikampelekea karatasi: jina, bachi namba, tarehe ya kuisha muda, idadi. Chini nimeweka orodha ya vinavyoisha muda ndani ya siku 90, kwa kuwa kwenye dawa sheria ya stoo ni kwamba kinachowahi kuisha ndicho kinachowahi kutoka, hata kama kimeingia jana. Aliisoma amesimama. Hakuniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Aliuliza, "Kesho unaweza kufika saa moja na nusu?"

Saa moja na nusu ni swali ninaloliweza.

Ningependa kusema tangu hapo mambo yakanyooka. Mwezi wa tano wa kazi hiyo nilikaribia kufukuzwa mara ya nane. Ulikuwa msimu wa mizigo, Madamu anapita mbio, akaniambia huku anaongea na simu, "Hizo dripu zitoe pale, zisikae vile." Nikazitoa. Nilizitoa nje, kwenye baraza la kupakilia, kwenye jua kali. Maboksi 64. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuongea kwa muda, na mimi nikaanza kuhesabu vigae vya baraza kwa sababu nilijua kinachofuata. Nimeshakijua kwa moyo: "Wewe ni binti mzuri, lakini."

Nikafungua pochi, nikampa barua ya daktari. Ilikuwa imekaa humo zaidi ya miaka miwili, imelainika kwenye mikunjo kama noti ya zamani. Akaisoma yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akanirudishia.

"Karatasi hii inaniambia wewe ni nani," akasema. "Haijaniambia mimi nifanye nini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa hiyo sikuwa na jibu tayari. Nikatafuta. Nikasema, "Madamu, naomba uwe unaniandikia."

Akamwita kijana wa kupakia, akampa hela, akamtuma dukani akalete kaunta buku. Kwaya mbili, jalada jeusi, kingo nyekundu. Ukurasa wa kwanza akaandika palepale, kwa mwandiko wa kifamasia ambao ilinibidi nao niujifunze: "Dripu 64. Zirudishwe ndani. Rafu ya C, chini. Leo kabla ya saa nane." Nini, wapi, lini. Ndiyo yote. Miaka tisa ya kuhangaika, barua, dawa za vidonda, na kilichokuwa kinahitajika kinauzwa duka la vifaa vya shule.

Sasa kuna buku la tano. Yale manne yamepangwa juu ya friji ya insulini, ile tunayosoma joto lake asubuhi na jioni lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8. Vijana wa kupakia, ambao mwanzoni waliliita "daftari la mgonjwa", siku hizi wanalikimbilia wenyewe kabla hajalitafuta mtu, kwa sababu bosi akisema "mimi sikusema hivyo" wanafungua ukurasa. Ukurasa wa mwisho ni wangu binafsi. Nimeandika: msiba wa mfanyakazi mwenzio, elfu 10; wa ndugu yake, elfu 5, na neno ni "poleni sana, Mungu awape subira". Harusi, subiri kadi, usiulize nani anaoa kwa nini. Kundi la wasapu la kazini, ukiona "Amina" tatu andika ya nne.

Sijaacha kuchoka. Natoka Kimara saa kumi na moja alfajiri niwahi mwendokasi kabla watu hawajaanza kubanana, nafika mapema, nakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi afungue. Ndani navaa vizibo vya masikio vya mafundi wa kukata vyuma, kwa sababu ya jenereta. Mchana nakula peke yangu kati ya maboksi ya pamba, na Madamu alishawaambia wengine, "Mwacheni, hajanuna." Jioni nikifika nyumbani nazima taa, najifunika kanga kichwani, naweza kukaa saa zima hivyo. Mpangaji mwenzangu alidhani naswali swala ambayo haijui. Mwaka juzi nilipewa nafasi ya kuwa msimamizi wa stoo zote mbili, nyongeza nzuri ya mshahara, nikakataa, kwani msimamizi kazi yake ni simu na watu. Mama mdogo hakuniongelesha wiki nzima.

Lakini nilichungulia taarifa ya michango yangu NSSF. Huko nyuma kuna miezi miwili, pengo, mitatu, pengo, mmoja, pengo refu. Halafu kuanzia Februari 2020 inashuka chini, mwezi chini ya mwezi, hakuna hata tundu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko picha za harusi ya dada yangu.

Mwezi wa sita mwaka huu Madamu alipata kazi serikalini, akahamia Dodoma. Siku ya kuaga alinipa kalamu, mimi nikampa orodha ya dawa zinazoisha muda hadi Desemba. Aliyemrithi ni kijana, mfamasia mpya, mchangamfu, anatembea huku anaongea na akifika mlangoni sentensi haijaisha. Wiki ya kwanza aliniagiza mambo manne kwa mdomo. Mawili nilikosea. Tumbo likanikata Jumapili, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Jumatatu nikamwekea kaunta buku mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa mweupe, na kalamu juu yake. Sikusema kitu. Hotuba niliyoiandaa ilinikimbia nilipomwona. Alilipitia kurasa za nyuma muda mrefu, anafunua, anacheka kidogo, anafunua. Jioni nikakuta ameandika mstari mmoja:

"Panga mabomba ya sindano vizuri."

Nikakaa nalo. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: "Vizuri ni vipi?" Nikaondoka kabla sijaghairi, na usiku ule sikulala.

Asubuhi jibu lilikuwepo, kwa wino mwekundu, amekandamiza hadi karatasi imekaribia kutoboka: "Kwa mililita. Kumi chini, tano katikati, mbili juu. Kabla ya saa sita."

Saa nne na dakika kumi nilikuwa nimemaliza.